Mtambo Mdogo wa Kupima Dawa kwenye Moyo Uliotolewa Mwilini

Mwaka 1895, mjini Rostock, Ujerumani, Oskar Langendorff alionyesha kuwa moyo wa mamalia ukitolewa mwilini unaweza kuendelea kupiga, mradi ulishwe kupitia aota kwa kinyumenyume. Vali ya aota hujifunga, umajimaji ukakosa njia ya kuingia ventrikali, ukapita kwenye mishipa ya koronari inayolisha msuli wa moyo, kisha ukatokea upande wa kulia. Maabara bado hutumia njia hiyo.

Anayeunda mtambo kama huu aanze kwa kuchagua mnyama, pampu baadaye. Moyo wa panya unafaa kupima nguvu ya mapigo. Lakini ukitaka kujua kama dawa itavuruga mapigo kwa kuchelewesha msuli kujichaji upya, panya atakudanganya, kwa kuwa njia zake za potasiamu hazifanani na zetu. Hapo tumia sungura au simbilisi. Madhara ya aina hiyo ndiyo yaliyoiondoa dawa ya mzio terfenadine katika soko la Marekani mwaka 1998.

Kwa shinikizo, mimi ningeanza na chupa iliyotundikwa juu. Uso wa umajimaji ukiwa sentimita 110 hivi juu ya moyo, unapata takriban milimita 80 za zebaki bila umeme wowote. Weka tu mrija wa kumwaga ziada ili kimo kisibadilike. Dawa ikitanua mishipa, matone yanayodondoka kwa dakika yataongezeka. Ukitumia pampu ya mtiririko usiobadilika, utanuzi huohuo utauona kwa kushuka kwa shinikizo.

Umajimaji wa kawaida ni ule wa Krebs na Henseleit wa mwaka 1932: chumvi mbalimbali, bikaboneti na glukosi. Hupulizwa gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kabonidayoksaidi asilimia 5, ili pH ikae 7.4. Kalsiamu huongezwa mwisho, gesi ikiwa imeshapita, la sivyo itaganda kuwa chembe nyeupe. Chuja kabla ya kutumia. Tena tumia maji safi ya maabara: katika miaka ya 1880 Sydney Ringer aligundua kuwa mioyo ya vyura wake jijini London ilikuwa ikipata kalsiamu kutoka maji ya bomba!

Joto liwe nyuzi 37, lipimwe kwenye moyo wenyewe, maana umajimaji hupoa njiani. Karibu kabisa na kanula, yaani mrija mfupi unaoingizwa kwenye aota, weka kinasa viputo. Kiputo kimoja cha hewa huziba mishipa midogo. Ncha ya kanula ibaki juu ya vali. Ikizama sana huziba midomo ya koronari na moyo hupauka.

Kibali cha kamati ya maadili kitangulie. Mnyama hupewa dawa ya usingizi na heparini ya kuzuia damu isigande, na moyo hufungwa kwenye kanula ndani ya dakika chache. Upe kama dakika 20 utulie. Vigezo vya kuukataa moyo dhaifu viandikwe kabla ya jaribio, visitungwe baada ya kuona matokeo.

Kosa kubwa zaidi hutokea kwenye dozi. Sirinji inayosukuma mililita 0.1 kwa dakika ndani ya mtiririko wa mililita 10 huzimua dawa karibu mara 100. Dawa ikiongeza mtiririko hadi 15, mkusanyiko wake umeshuka na grafu yako haikuambii. Kwa mtambo wa chupa, afadhali chupa ya pili yenye dawa iliyokwisha kuchanganywa. Dawa zinazopenda mafuta hunata kwenye mipira ya silikoni, kwa hiyo pima sampuli iliyokingwa kwenye kanula.

Mioyo mingine ipewe kimumunyishi peke yake kwa muda uleule, kwa sababu moyo huchoka wenyewe kadiri saa zinavyokwenda. Kazi ikiisha, suuza mipira yote kwa maji safi ya moto, na ile iliyopitisha dawa inayonata itupwe.