Usiiongezee Mbolea, Isogeze Kwenye Mwanga

*Dada, nilinunua kala lili za rangi ya waridi zikiwa zimesimama wima na maua yake. Sasa vikonyo vimerefuka, vyembamba, vinalala ukingoni mwa chungu, na ua hakuna. Nimeziweka barazani, namwagilia kila siku, na nimetia urea. Nifanye nini tena?*
*Mchoka na Vijiti, Arusha*

Mdogo wangu, pole. Hujaandika peke yako. Barua za aina hii ninazo kadhaa, na karibu zote zinaishia na hilo swali lako: nifanye nini tena? Leo nakujibu wewe na wenzako kwa pamoja. Kwanza punguza unayoyafanya. Urea ipumzike stoo, na kopo la maji litulie.

Kikonyo kinachorefuka na kuwa chembamba ni dalili ya mmea unaotafuta mwanga. Ukikosa mwanga, unatumia akiba iliyo kwenye kiazi chake kurefusha vikonyo, ukitumaini kuufikia huko mbele. Urea ni naitrojeni, na naitrojeni inasukuma majani. Ukiitia kwenye mmea uliopo gizani unapata majani mengi zaidi, laini zaidi, yasiyoweza hata kujibeba.

Najua utaniambia, “Lakini dada, barazani kuna mwanga!” Jicho letu linazoea kivuli upesi, kwa hiyo usiliamini. Saa nne asubuhi weka karatasi nyeupe pale chungu kilipo, kisha nyosha mkono juu yake. Kivuli cha vidole kikionekana wazi, hapo panafaa. Kikiwa ukungu tu, hapo ni giza kwa kala lili. Mabaraza yetu yana mapaa marefu, madirisha yana nyavu za mbu, mapazia na vioo vya rangi, na kila kimoja kinakula sehemu yake ya mwanga.

Angalia pia baraza lako linatazama wapi. Kwenu Arusha, toka Aprili hadi Agosti jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na baridi inapoingia mawingu nayo yanakaa. Baraza la kusini lililokuwa na jua Desemba linaweza lisipate hata mwale Julai. Upande wa mashariki ndio wa kutegemea, kwa sababu jua la asubuhi linafika mwaka mzima na halichomi kama la mchana.

Hamisha chungu taratibu. Siku za mwanzo kipe saa moja ya jua la asubuhi, kisha uongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Ukikitoa kivulini na kukitupa kwenye jua la saa saba, majani yataungua. Kigeuze kila wiki ili mmea usiegemee upande mmoja, na usibananishe vyungu, maana mimea iliyobanana hurefuka ikishindana.

Sasa maji. Kala lili nyeupe asili yake ni sehemu zenye majimaji za Afrika Kusini, na inavumilia tope. Hizi za waridi, njano na zambarau zimetokana na jamaa zake wa nyanda za majani ambako kiangazi hukausha ardhi, na viazi vyake huoza upesi. Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia, na ukiwa na unyevu, subiri. Maji yasituame kwenye kisahani. Shina likiwa laini chini na linanuka, huo ni uozo. Fukua kiazi, kata sehemu mbovu, kiache kikauke, kisha ukipande kwenye udongo mpya. Kikiwa kimelainika chote, tupa.

Vikonyo vilivyokwisha kurefuka havitafupika, mdogo wangu. Usivikate vyote kwa hasira, kwani majani ya kijani ndiyo yanayokilisha kiazi. Vishikize kwa kijiti na kamba laini isiyobana, uondoe yale tu yaliyogeuka njano. Majani yote yakianza kukauka yenyewe, punguza maji hadi uache kabisa, uache kiazi kipumzike miezi miwili au mitatu mahali pakavu.

Baada ya hapo panda upya, macho yakitazama juu, sentimita tano hadi kumi chini ya udongo unaopitisha maji uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Chungu kiwe na matundu. Kiweke kwenye mwanga mzuri tangu chipukizi la kwanza, kwa sababu hapo ndipo urefu wa kikonyo unapoamuliwa. Mbolea ya NPK yenye naitrojeni ndogo itie kidogo, machipukizi yakishashika nguvu, na udongo ukiwa na unyevu.

Neno moja kwa wenye watoto, paka au mbuzi: utomvu wa mmea huu una chembe kali zinazochoma mdomo na koo. Vaa glovu unapokata, na weka chungu mahali wasipofika.

Usihesabu maua kwanza. Pima kikonyo cha jani jipya ukilinganisha na la zamani. Cha jani jipya kikiwa kifupi na kinene zaidi, mahali umepata. Baki hapo hapo.

Dada yako