Kumtumaini Mungu Tusipojua Siku ya Kurudi

Maandiko ya kusoma: Yeremia 28, 29:1-14, 32:1-27, Mathayo 2:13-15



Kati yetu kila familia ina swali moja: lini? Lini tutarudi nyumbani? Lini kesi yetu itaitwa? Mwezi wa kwanza 2025 wengi waliumia mara mbili. Mapigano yalifika Goma, na mwezi huohuo Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wamekwisha kuuza vyombo vyao wakingoja safari walibaki bila safari na bila vyombo. Tangu hapo wengine wanauliza kama kumtumaini Mungu kuna maana. Katika somo hili tutaona kwamba Biblia inatufundisha kumtumaini Mungu mwenyewe, hata pale ambapo hatukupewa tarehe.

1. Nabii aliyetoa tarehe

Mwaka 597 K.K. mfalme wa Babeli aliwahamisha watu wengi kutoka Yerusalemu. Baadaye nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika miaka miwili wote watarudi. Yeremia alijibu Amina, kwa maana naye alitamani iwe hivyo. Kutamani kurudi si dhambi. Lakini Mungu alimtuma Yeremia amwambie Hanania kwamba amewafanya watu watumaini uongo. Angalieni neno hilo. Watu wa Hanania hawakukosa tumaini. Waliliweka mahali pasipoweza kulibeba.

Akina Hanania wapo hata leo. Yuko anayetabiri mwezi wa ndege. Yuko anayedai sadaka ya kufungua mlango, au anayesema kwamba anamjua mtu ofisini. Ndugu, huduma za HCR hazilipishwi. Anayekuomba pesa ili jina lako litoke anakuibia, hata akiomba huku ameshika Biblia. Tena tarehe yake ikipita, mara nyingi mtu hamwachi nabii tu, anamwacha na Mungu. Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko pesa.

2. Barua kwa watu waliohamishwa

Yeremia aliwaandikia barua wale waliokuwa Babeli. Mstari wa 11 wa sura ya 29 tunaupenda sana, nao umetundikwa katika nyumba nyingi. Unasema juu ya makusudi mema ya Mungu kwa watu wake. Lakini tusome na mstari wa 10 unaoutangulia: ni miaka 70! Ahadi ile nzuri ilipewa watu ambao wengi wao wangezikwa ugenini.

Sisi tunaijua hesabu hii. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996, na mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mtu mzima. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997. Ilipofungwa mwaka 2021 watu wake walipelekwa Mahama, si nyumbani. Hata majirani zetu wengi hapa Kigali wanaijua. Wazazi wao walikimbia mwaka 1959 na miaka iliyofuata, wao wakazaliwa Uganda, Burundi, Tanzania au Kongo, na hawakurudi mpaka baada ya mwaka 1994.

Basi Mungu aliwaambia watu hao wafanye nini? Wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, na wauombee mji walimo. Hakusema wasahau Yerusalemu. Alisema wasiache kuishi kwa sababu ya kungoja. Baba anayemtoa mtoto shuleni akisema, "Karibu tutaondoka," anamnyima mtoto miaka ambayo haitarudi. Mama anayejifunza kushona, kijana anayebeba mchanga kwenye majengo ili alipe kodi ya nyumba, wajane wanaoweka akiba pamoja kila juma: hao hawajakata tamaa ya kurudi. Wanatii barua ya Yeremia.

3. Kuwaombea waliotutoa

Neno gumu katika barua hiyo ni kuiombea Babeli, mji wa wale waliowateka. Hapa tumkumbuke Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia hapa Rwanda wakiwa wakimbizi. Hawakujua Amin angeondoka lini. Chuki ilianza kuota moyoni mwa askofu huyo, naye alishuhudia kwamba alilazimika kuipeleka msalabani, mahali Yesu alipowaombea waliomsulubisha. Mwaka uleule alitoa kitabu, na jina lake liliwashangaza watu, kwa maana alisema anampenda Idi Amin. Hakusema maovu ya Amin ni mema. Alikataa tu chuki imtawale ugenini. Amin alipinduliwa Aprili 1979, na Kivengere akarudi kwa watu wake.

Wapo kati yetu waliopoteza mume, mtoto, au nyumba ya baba. Hatuwaambii wasamehe leo jioni. Tunasema waanze kwa kulitaja jina la adui mbele za Mungu, hata kwa machozi.

4. Shamba la Anathothi

Yeremia alikuwa kifungoni na jeshi la Babeli limeuzunguka mji, Mungu alipomwambia anunue shamba la Hanameli, mwana wa ami yake. Alipima shekeli 17 za fedha, hati zikaandikwa, Baruku akazitia katika chombo cha udongo zisiharibike. Kisha Yeremia akaomba, na katika maombi yake kuna mshangao: Bwana, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa adui, nawe unaniambia ninunue shamba? Alitii kwanza, akauliza baadaye, na Mungu hakukasirika. Basi anayelia na kuuliza maswali mbele za Mungu asidhani kwamba imani yake imekufa. Baadaye Yeremia alichukuliwa Misri, na Biblia haisemi kwamba aliwahi kulilima shamba hilo. Lakini mwaka 538 K.K. mfalme Koreshi aliwaruhusu watu kurudi, kama Mungu alivyosema.

5. Bwana wetu alikuwa mkimbizi

Yusufu alipoambiwa amkimbize mtoto Yesu kwenda Misri, hakupewa siku ya kurudi. Aliambiwa akae huko mpaka atakapoambiwa. Aliondoka usiku kwa neno hilo tu. Hatujui alifanya kazi gani Misri, ila mtoto alikula, alikua, na wakati ulipofika walirudi. Huyo mtoto ndiye tunayemwomba leo. Anapotusikia tukiuliza "lini?", anasikia swali la wazazi wake mwenyewe.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Ni jambo gani tumeliacha kwa sababu ya kungoja safari? Tunaweza kulianza juma hili?
- Je, tumewahi kumlipa mtu kwa ajili ya tarehe? Tutawalindaje jirani zetu?
- Ni nani ambaye bado hatujaweza kumtaja katika maombi?

Tuombe: Bwana, hukutupa tarehe, lakini umetupa Mwana wako. Tupe chakula cha leo na kazi ya leo, utulinde na uongo, na siku yako ikifika utukute tungali tunakuita Baba. Amina.