Simu Ikijaa, Usifute Karatasi za Shamba
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Awendo

Wakulima wengi wa skimu zetu, kuanzia hapa Awendo mpaka bonde la Lambwe, sasa wana simu za kisasa. Katika simu hizo huweka picha za karatasi za mizani, risiti za mbolea, mikataba ya miwa na risiti za mkopo wa ardhi. Hilo ni jambo jema. Lakini simu ikijaa, mtu huanza kufuta vitu kwa haraka ili apate nafasi, na mara nyingi hufuta vile vya zamani, yaani karatasi zile zile atakazozihitaji siku ya hesabu. Somo la mwezi huu ni kumwonyesha mkulima jinsi ya kuongeza nafasi bila kupoteza hata karatasi moja.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Tufikiri kwanza juu ya umri wa miwa. Miwa iliyopandwa hukaa shambani miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa. Kisha huja machipukizi ya kwanza, na baadaye machipukizi ya pili. Toka siku ya kupanda mpaka machipukizi ya pili kukatwa, hupita miaka 4 au zaidi. Je, simu yako itaishi miaka hiyo yote bila kuanguka, kuibiwa, au kutumbukia majini? Mara nyingi mkataba wa miwa huishi kuliko simu.

Tena mambo hubadilika. Kiwanda cha Sony kilianza kusaga miwa mwaka wa 1979. Mwezi wa Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda 4 vya sukari kwa kampuni za watu binafsi, na Sony kilikuwa kimoja kati ya hivyo. Wakati wa mabadiliko kama hayo, mkulima mwenye karatasi zake hueleza madai yake kwa tarehe na kwa uzito. Asiye nazo hana la kuonyesha.

Jambo jingine ni ujumbe. Simu iliyojaa kabisa yaweza kukataa kupokea ujumbe mpya, hata ujumbe wa M-Pesa au wa mbolea ya ruzuku. Kwa hiyo kuacha simu ijae ni hasara ya leo na ya kesho pia.

NI NINI KINACHOJAZA SIMU?

Nafasi ya simu hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti. Gigabaiti 1 ni kama megabaiti 1,000. Ujumbe mmoja wa maneno ni mdogo sana, hauwezi kuijaza simu. Picha moja ya karatasi ni yapata megabaiti 3. Lakini video nzuri ya dakika moja tu ni megabaiti 100 au zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Mkulima akipiga picha karatasi 10 kila mwezi, kwa mwaka ni 120, na kwa miaka 5 ni 600. Tukizidisha kwa 3 twapata megabaiti 1,800. Hizo ni sawa na dakika 18 tu za video! Basi karatasi za shamba za miaka 5 si mzigo. Mzigo ni zile video za harusi, za mpira na za vichekesho zinazoingia kwa WhatsApp bila kuombwa.

Kwa sababu hiyo anza na usafi. Fungua mipangilio ya simu, tazama sehemu ya hifadhi, uone ni nini kilichochukua nafasi kubwa. Futa video usizozihitaji. Katika WhatsApp, zuia picha na video zisijipakue zenyewe. Waweza pia kufuta mabaki ya muda ya programu, yale yaitwayo kashe. Hayo hayana hasara. Lakini jihadhari: chini ya programu hiyo hiyo kuna mahali pa kufuta data zote. Hapo usiguse, kwa maana waweza kupoteza mazungumzo na mipangilio yako yote.

NJIA YA KWANZA: KADI YA MEMORI

Simu nyingi zina tundu dogo la kadi ya memori, karibu na mahali pa laini. Kadi ni kama ghala la pili katika boma lile lile. Kabla ya kununua, uliza simu yako yapokea kadi ya ukubwa gani. Zile simu ndogo za vibonye nyingi hazipiti gigabaiti 32. Kadi ya gigabaiti 16 yaweza kubeba picha zaidi ya 5,000 za karatasi, basi si lazima kutafuta kubwa sana.

Tangu mwaka wa 2015, simu nyingi za Android huuliza swali mara kadi mpya inapoingizwa: je, kadi hii iwe ya kuhamishwa, au iwe sehemu ya simu yenyewe? Hapa yapasa kujibu kwa akili. Ikifanywa sehemu ya simu, huandikwa kwa siri ya simu hiyo, na hakuna simu nyingine wala kompyuta itakayoweza kuisoma. Simu ikifa, na kadi imekufa pamoja nayo. Kwa karatasi za shamba chagua ile ya kuhamishwa, ili uweze kuitoa na kuisoma katika simu ya mwanao au katika kompyuta ya saiba.

Kumbuka pia ya kuwa kadi ikifanywa sehemu ya simu, simu hufuta vyote vilivyomo katika kadi. Kama kadi si mpya, nakili vitu vyake mahali pengine kwanza.

NJIA YA PILI: FLASHI NA WAYA WA OTG

Simu nyingine, kama vile iPhone, hazina tundu la kadi kabisa. Hapo hutumika flashi, ile inayochomekwa katika kompyuta. Kwa kawaida simu ikiungwa na kompyuta, kompyuta ndiyo bwana na simu ni mgeni. Mwaka wa 2001 mafundi wa USB walitoa kanuni iitwayo OTG, inayoiwezesha simu kuwa bwana na kuamuru flashi. Fuata hatua hizi:

1. Tazama tundu la kuchajia. La zamani lina upande mmoja mwembamba, na chaja huingia kwa upande mmoja tu. La kisasa liitwalo Type-C ni la mviringo mrefu, na chaja huingia pande zote mbili.

2. Nunua waya wa OTG wa tundu lako. Mwisho mmoja huingia katika simu, na mwisho wa pili una tundu pana la flashi. Ziko pia flashi zenye midomo miwili zisizohitaji waya.

3. Chomeka flashi katika waya, kisha waya katika simu. Simu ikikaa kimya, tafuta neno OTG katika mipangilio, kwa kuwa simu nyingine hutaka liwashwe kwanza. Ziko simu zisizokubali OTG kabisa, basi ijaribu dukani kabla ya kulipa.

4. Fungua programu ya faili. Katika flashi tengeneza mfuko wa kila mwaka, na ndani yake mifuko ya MIZANI, RISITI, MKATABA na ARDHI. Nakili picha zako humo.

5. Fungua picha kadhaa kutoka katika flashi yenyewe, uhakikishe zasomeka. Baada ya hapo tu ndipo waweza kufuta zilizo katika simu, ikiwa nakala nyingine iko mahali pengine.

6. Kabla ya kuchomoa, bonyeza alama ya kutoa flashi. Ukichomoa ghafla wakati simu ingali ikiandika, waweza kuharibu vyote.

Flashi hula umeme wa simu, basi simu iwe na chaji ya kutosha. Diski kubwa zile zinazozunguka hutaka umeme mwingi zaidi. Nyingi hazitafanya kazi kwa simu ila ziwe na umeme wao. Simu ikikataa kusoma flashi iliyotoka katika kompyuta, pengine mpangilio wake ni ule wa NTFS. Mpe mtu wa saiba aibadilishe iwe FAT32 au exFAT, ila vilivyomo vitafutika. FAT32 haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, lakini kwa picha hilo si neno.

Waya huu una faida nyingine. Simu ikianguka na kioo kikakataa kuguswa, lakini bado chaonyesha picha, chomeka kipanya cha kompyuta kwa waya wa OTG. Katika simu inayokubali OTG utaona mshale kiooni, na kwa huo waweza kufungua faili na kuokoa karatasi zako.

JIHADHARI NA KADI ZA UONGO

Sokoni kuna kadi na flashi zilizoandikwa gigabaiti 512 au zaidi, nazo zauzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Nyingi ni za uongo. Ndani yake mna nafasi ndogo, lakini zimefanywa ziidanganye simu. Nafasi ya kweli ikijaa, picha mpya hufuta za zamani kimya kimya, au huonekana kwa jina tu na kukataa kufunguka. Dawa ni kununua kwa mtu mwenye duka na risiti, na kuijaza kabisa kadi mpya kwa vitu visivyo na maana, kisha kufungua vya kwanza na vya mwisho. Vyote vikifunguka, kadi ni nzuri.

MAHALI PATATU

Mkulima hawezi kuweka mbegu zake zote katika debe moja. Fanya vivyo hivyo. Nakala moja ikae katika simu, ya pili katika kadi au flashi nyumbani, na ya tatu katika flashi kwa ndugu anayeaminika. Kila baada ya miezi 6 zifungue uzitazame, kwa maana flashi nayo huharibika.

Wala usitupe karatasi yenyewe. Picha ya hati si hati. Lakini zile risiti zitokazo katika mashine ndogo zisizotumia wino hufifia kwa joto na jua, mpaka zikabaki nyeupe. Hizo zipigwe picha siku ile ile.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mkulima aliyepiga picha karatasi 20 kila mwezi atahitaji megabaiti ngapi kwa miaka 5?
2. Kwa nini kadi ya karatasi za shamba isifanywe sehemu ya simu?
3. Taja mambo mawili ya kufanya kabla ya kufuta picha katika simu.
4. Utaijuaje kadi ya uongo?

Majibu yote yamo katika somo hili. Someni pamoja na watoto wenu walio shuleni, kisha mfungue simu zenu mfanye kazi hii kabla ya mavuno yajayo.