BANGI YA DAWA: JE, YAFAA KUPANDWA NYUMBANI?

Limeenea katika miji yetu ya pwani suala ambalo wazee wetu hawakupata kuliuliza. Mtu ana mtoto mwenye kifafa, au ana mama mwenye saratani asiyepata usingizi kwa maumivu. Asikia kwamba huko Ulaya na Marekani bangi imekuwa dawa, naye asema: "Kwa nini nami nisipande mche mmoja uani mwangu nimtibie mgonjwa wangu? Simuuzii mtu, wala mimi silewi." Suala hili si la kuchekwa, wala mwenye kuliuliza hastahili kuitwa mvuta bangi. Amelisukumwa na huruma. Kwa hivyo twaliweka katika darsa hii tulipime kwa Sharia, kwa elimu ya utabibu, na kwa kanuni ya nchi.

1. Hukumu ya Sharia

Yapasa tujue kwamba mmea huu si mgeni kwa maulamaa. Jina la bangi limetujia kutoka Bara Hindi, na Waarabu wauita hashishi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijra (1328), aliuharimisha kwa maneno makali. Imamu Zarkashi wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 794 (1392), aliandika kitabu maalumu juu ya uharamu wake. Hoja yao ni wazi: mafundisho ya Mtume (S.A.W.) yamekiingiza katika uharamu kila chenye kulewesha, wala hayakutazama jina lake, wala kwamba chanywewa, chaliwa au chavutwa.

Ama wako wasemao: haramu ni haramu, na hapana zaidi ya hapo. Hao nao wamefanya haraka. Mafakihi wa Shafi walitenganisha baina ya ulevi wa majimaji na mimea mikavu yenye kuondoa akili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), alieleza kwamba mtu anayehitaji kukatwa kiungo kilichooza yafaa apewe kitu cha namna hiyo ili asihisi maumivu. Lakini mlango huu una masharti: haja iwe ya kweli, mwenye kuithibitisha awe tabibu mjuzi na muaminifu, isipatikane dawa ya halali ifanyayo kazi hiyo, na kiasi kisipite haja.

Basi mwenye kutaka kupita mlango huu na ajiulize: je, mche wa uani watimiza masharti hayo?

2. Dawa ni kipimo

Katika mmea wa bangi mna chembechembe za namna nyingi, na zijulikanazo zaidi ni mbili. Ya kwanza huitwa THC, nayo ndiyo ileweshayo. Wanakemia waliitenga safi mwaka 1964. Ya pili ni kanabidioli, nayo haileweshi.

Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex kwa aina chache za kifafa kigumu cha watoto. Dawa hiyo ni kanabidioli iliyosafishwa. Kila mililita moja ina miligramu 100. Mtoto mwenye uzani wa kilo 20 huanzishiwa miligramu 100 kwa siku, yaani mililita moja, ikigawanywa asubuhi na jioni. Daktari humpima damu kulitazama ini lake, kwani dawa hii yaweza kulidhuru, hasa ikichanganyika na baadhi ya dawa nyingine za kifafa.

Sasa tuutazame mche wa uani. Mbegu haijulikani asili yake. Mche mmoja huwa na THC nyingi na wa pili kidogo, na hata katika mche mmoja ua halilingani na jani. Jua, udongo, siku ya kuvuna na namna ya kukausha, vyote hubadilisha nguvu yake. Katika unyevu wa pwani yetu majani yaliyokaushwa vibaya hushika kuvu, na kuvu hilo ni hatari kwa mgonjwa wa saratani ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika. Mama akiyachemsha majani hayo au akiyatia katika mafuta, hana mizani ya kumwambia amempa mwanawe nini. Huenda akampa kisichomfaa, na huenda akampa THC ya kumlaza usingizi mzito hata ikawa shida kumwamsha. Mtoto huyo hakupewa dawa. Amelevywa na mzazi wake ampendaye.

Tuna mfano ulio karibu. Mofini, dawa kubwa ya maumivu ya saratani, hutokana na afyuni, na afyuni ni kilevi kikali. Lakini mgonjwa hupewa mofini kwa kiasi kilichopimwa na kwa hati ya daktari. Hatujasikia mtu mwenye akili akisema kwamba, kwa kuwa mofini ni dawa, basi na apande afyuni uani.

3. Kanuni ya nchi

Hapa Kenya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 yakataza kulima bangi, na adhabu yake ni faini kubwa na kifungo kirefu. Haimwachi mtu alime nyumbani kwa kudai kuwa ni dawa yake. Mwenye nyumba akifungwa, ni nani atakayempeleka mtoto hospitalini?

Wengine hutaja nchi za nje. Ni kweli Kanada iliwaruhusu wagonjwa wenye hati kupanda tangu 2001, na mwaka 2018 ikaruhusu miche minne kwa kila nyumba. Ujerumani iliruhusu miche mitatu kwa mtu mzima mwaka 2024. Lakini ruhusa ya miche hiyo minne au mitatu ni ya kila mtu mzima, awe mgonjwa au mzima wa afya. Haithibitishi kwamba mche ni dawa. Moroko, nchi ya Waislamu, ilitunga sheria mwaka 2021 ya kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda. Lakini mkulima hulima kwa leseni, katika mikoa maalumu, na mavuno huenda viwandani. Na Umoja wa Mataifa, mwaka 2020, uliiondoa bangi katika orodha iliyo kali zaidi kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini ukaibakisha chini ya ulinzi.

4. La kufanya

Hatupendi kumkataza mtu jambo kisha tumwache na shida yake.

Mwenye mtoto wa kifafa na ajue kwamba kifafa ni maradhi ya ubongo, si pepo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba wagonjwa hadi 70 katika 100 waweza kuishi bila ya kushikwa, wakipimwa sawasawa na kutumia dawa ipasavyo. Fenobabitali ni dawa ya zamani na bei yake ni nafuu. Dawa ya kifafa isikatwe ghafula, kwani kuikata huleta kushikwa kwa nguvu zaidi. Ikiwa mtoto ametumia dawa mbili au tatu bila ya kufaa, aombwe daktari ampeleke kwa bingwa wa ubongo, naye aulizwe waziwazi juu ya kanabidioli.

Mwenye mgonjwa wa saratani asione haya kuitaka mofini hospitalini. Kuitumia kwa maumivu ya kweli, kwa kiasi cha daktari, si uraibu.

Na jamaa na majirani wana wajibu wao. Mara nyingi mzazi huufikiria mche kwa kuwa hana nauli wala bei ya dawa. Mtaa usiomchangia hauna haki ya kumlaumu.

Jawabu letu basi ni hili: dawa iliyotokana na mmea huu, ikiwa imepimwa, imeidhinishwa na kuamriwa na tabibu muaminifu, yaweza kuingia katika mlango wa haja; ama mche wa uani hauingii. Wallahu a'lam.