Kutendeka na Kutendwa: Mifano kutoka Tororo

Viambishi vya kauli tumekwisha kuvieleza. Sasa tunaingia katika jambo ambalo wanachuo wengi huliona dogo, nalo ni tofauti ya maana kati ya kutendeka na kutendwa. Mifano tumeichota wilayani Tororo, ili mwalimu atakayefundisha Kirewa au Busia awe na kitu cha kuwaonyesha wanafunzi wake.

Mwamba wa Tororo ni kiini cha volkano ya kale. Mawe yake yana chokaa nyingi, nayo yamechimbwa kutengenezea saruji. Linganisha:

(1) Volkano ilizimika.
(2) Mawe yalipasuliwa.

Katika (1) hatumtafuti mtenda, hakuna aliyeizima. Katika (2) mtenda yupo ingawa hakutajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Ndiyo maana hatukubali *Mawe yamepasuka na wachimbaji. Kutendeka hakupokei mtenda kwa "na". Sababu huletwa kwa "kwa": Mawe yamepasuka kwa joto.

Kuhusu umbo, "pasua" hutoa "pasuka", ilhali "pasuliwa" hurejesha sauti /l/ iliyodondoka zamani. "Chimba" hutoa "chimbika" na "chimbwa". Tuangalie pia maana ya uwezekano: Mwamba huu hauchimbiki hakusemi kwamba haujachimbwa, bali kwamba ni mgumu mno.

Uzito wa tofauti hii huonekana panapotokea maafa. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, udongo wa miteremko ya Elgon, nao ni mlima wa volkano iliyozimika, ulifukia kijiji cha Nametsi, Bududa. Mwandishi anayeandika "udongo uliporomoka" anataja tukio na kunyamazia chanzo. Anayeandika "udongo uliporomoshwa" amejifunga kujibu: na mvua, na ukataji wa miti, au na vyote viwili? Sentensi zote mbili ni sanifu, na sarufi haiwezi kumchagulia. Kwa maoni yetu, mwalimu anayesahihisha insha ya namna hii asiishie kwenye viambishi. Amuulize mwanafunzi kwa nini alimwacha mtenda.

Zoezi
Andika aya fupi kuhusu machimbo au mmomonyoko wa udongo karibu na kwenu, ukitumia kauli ya kutendeka pekee. Iandike tena kwa kauli ya kutendwa, ukitaja mtenda kila inapowezekana. Ni sentensi zipi zilizokataa kubadilika, na kwa nini?