Adabu za Kundi la Matembezi



Mwalimu wetu wa Jiografia amenitaka niandike juu ya matembezi ya kundi, na amenishurutisha niyaandike kama somo litakalowafaa wengine. Nimekubali, ingawa somo lenyewe nililipata kwa kosa langu mwenyewe, na wengi katika skuli yetu wanalijua kosa hilo. Hao nawaomba wasome mpaka mwisho.

KUNDI LA MATEMBEZI NI NINI?

Ni watu wanaokubaliana kutoka pamoja siku ya mapumziko, wakaenda mahali kwa miguu, kwa baskeli au kwa chombo, kisha wakarudi siku ile ile. Si timu ya mpira, kwani hakuna wa kushindwa. Wala si chama cha kuwekeza fedha. Anayetaka huja, asiyetaka hukaa kwao. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba kundi la namna hii halina sheria. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nilihamia Wambaa nilipoingia Kidato cha Tatu, nikakaa kwa mjomba wangu. Wambaa, kwa wasioijua, imo katika Wilaya ya Mkoani, upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba; juu kuna mikarafuu na minazi, na chini pwani kuna mikoko. Mimi nimezaliwa na kukulia mjini Chake Chake, na hapa sikuwa na mwenzangu hata mmoja. Siku za Jumapili nilikaa barazani nikihesabu baskeli zinazopita.

Siku moja kijana wa darasani kwetu akaniambia, "Jumapili tunatembea. Saa moja na nusu tuko chini ya mwembe wa njiapanda. Njoo."

Nikamwuliza, "Kiingilio shilingi ngapi?"

Akacheka, akasema, "Kiingilio ni kuja kwa wakati."

Nilikwenda. Nilikuta wanafunzi, walimu wawili, na mzee mmoja mvuvi ambaye wote humwita Babu. Mwalimu aliandika majina yetu katika daftari, na Sheha alikwisha kupewa habari ya njia tutakayopita. Kisha Babu akatuambia masharti matatu: tusimpite anayetangulia, tusibaki nyuma ya yule anayefuata mwisho, na mwenye kutaka kuondoka, aseme. Masharti haya aliyarudia kila safari, na mimi moyoni nilimwona kama anayesomesha watoto wa chekechea.

Hata hivyo nilifurahi. Kwa safari tatu nilipata marafiki ambao nisingaliwapata darasani kwa mwaka mzima, kwani mtu mnayegawana naye muhogo wa kuchemsha juu ya gogo hamwezi kubaki wageni. Nilijifunza kuujua mkoko kwa mizizi yake iliyopindana kama miguu ya kaa, na mchu kwa mizizi yake inayochomoza topeni kama penseli.

MAKUNDI YA NCHI NYINGINE

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1901, huko Steglitz karibu na Berlin nchini Ujerumani, vijana wa skuli walianzisha chama cha matembezi kilichoitwa Wandervogel, maana yake ndege anayehama. Walichoka na kukaa madarasani, wakashika njia za misituni na mikoba yao mgongoni. Nchini humo humo, mwaka 1909, mwalimu Richard Schirrmann alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake walipokumbwa na dhoruba, nao wakapata hifadhi usiku katika jengo la skuli. Hapo ndipo alipofikiri kwamba vijana wanaotembea wangewekewa nyumba za kulala kwa gharama ndogo. Nyumba yake ilifunguliwa mwaka 1912 katika ngome ya Altena, na leo nyumba za namna hiyo zimeenea katika nchi nyingi.

Karibu na kwetu, mjini Nairobi, Bibi Fleur Ng'weno alianza mwaka 1971 kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, ambayo yakaendelea kwa miaka zaidi ya 50. Tazameni basi: kundi lisilo na kombe wala mshahara laweza kuishi muda mrefu, ikiwa wanaokuja wanaaminiana kwamba atakayesema "nitakuja" atakuja.

MAJI YA KUPWA NA KUJAA

Sasa nitaeleza habari ya maji, kwani asiyeijua hatalifahamu kosa langu.

Katika pwani yetu bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika kama 50. Kutoka maji kupwa kabisa mpaka kujaa kabisa ni muda wa saa sita na kidogo. Kwa sababu ya zile dakika 50, ikiwa leo maji yamepwa kabisa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa tano kasoro dakika kumi.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Ndipo tunapopata bamvua. Wakati huo maji hutoka mbali sana na hurudi kwa wingi sana. Siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa karibu na saa nne za asubuhi na hujaa karibu na saa kumi za jioni. Mwezi unapokuwa nusu, mvuto wa jua haufuatani na wa mwezi, na maji huwa mafu: hayatoki sana, wala hayajai sana.

Siku ya bamvua ndiyo nzuri kwa kutembea pwani, kwani mchanga na matope hubaki wazi. Lakini ndiyo yenye hatari pia. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni ya kukadiria: gawa kimo chote cha maji kitakachopanda katika mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu mafungu 3, saa ya nne mafungu 3, saa ya tano mafungu 2, na saa ya sita fungu 1.

Tuseme siku ya bamvua maji yatapanda mita 3.6. Fungu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza yatapanda sentimita 30 tu, na mtu atasema, "Ah, maji bado!" Lakini katika saa ya tatu peke yake yatapanda sentimita 90. Anayeipima saa ya tatu kwa saa ya kwanza hujidanganya.

KOSA LANGU

Jumapili moja ya bamvua tulikwenda pwani watu 18. Tulivuka kijito kilichopita katikati ya mikoko, maji yakiwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu tu, tukatokea upande wa pili penye mchanga. Babu alisema, "Saa sita kamili tuwe tumekwisha kuvuka kurudi."

Ilipofika saa tano nilichoka. Jua lilikuwa kali, kandambili yangu moja ilikatika topeni, na walimu walikuwa wakieleza habari za kaa ambazo nilikwisha kuzisikia. Nikajiambia kwamba njia naijua, na kwamba hapana haja ya kumsumbua mtu kwa kuaga. Nikavuka kijito peke yangu, nikafika nyumbani, nikala, nikalala.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, ambayo mimi niliyapata kwa kuhadithiwa. Saa sita walivuka kijito, maji yakiwa magotini. Mwalimu akahesabu: 17. Akahesabu tena: 17. Akasoma daftari jina moja moja, na lilipofika jina langu hapakuitika mtu. Hakuna aliyeniona nikiondoka. Wote walidhani kwamba nimebaki ng'ambo, na ile ilikuwa saa ya tatu ya maji kujaa.

Mwalimu mmoja aliwachukua wanafunzi mpaka pakavu. Mwingine alibaki ukingoni akiita. Babu na vijana wawili wa Kidato cha Nne wakarudi mikokoni kunitafuta, wakipiga kelele jina langu. Walipokuwa wakirejea, maji ya kijito yalikuwa yamefika kifuani, na chini hawakuona wanapokanyaga. Babu alikanyaga chaza zilizoshika kwenye mizizi, zikampasua wayo wa mguu. Hakurudi nyumbani, alikwenda kuazima mtumbwi aingie tena.

Wakati huo watu walikuwa wakitoka msikitini baada ya sala ya adhuhuri. Mjomba wangu akaelezwa kwamba mpwa wake hajulikani alipo na maji yanajaa. Alikimbia nyumbani kumwambia mkewe, akanikuta juu ya kitanda, nimelala usingizi.

Hakunipiga, wala hakunena neno. Alikaa chini kizingitini akashika kichwa. Kisha akasema, "Inuka. Kuna watu majini kwa ajili yako."

Tulikwenda mbio mpaka pwani. Babu alikuwa ameketi ndani ya mtumbwi, kashika pondo, kitambaa alichojifunga mguuni kimeloa damu. Aliponiona aliacha kuita jina langu. Hilo silisahau: sauti yake ilikuwa imekauka.

Kwa jeraha lile Babu hakwenda baharini siku tisa. Mvuvi asiyekwenda baharini hana mshahara unaomngoja mwisho wa mwezi. Mjomba alimpelekea mchele na fedha kidogo, na mimi nikamchotea maji na kumkatia kuni mpaka alipopona. Siku tulipokwenda kumtaka radhi, alinitazama muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, mguu utapona. Ungesema 'naondoka'. Ni neno moja tu, na halilipiwi."

Nilifikiri kwamba kundi halitanitaka tena. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye mwembe nikasimama mbali. Mwalimu akaniita, akanipa daftari la majina, akasema, "Leo wewe ndiye utakayehesabu." Nilihesabu tulipoondoka, nilihesabu kila tulipopumzika, nilihesabu tuliporudi. Tangu siku hiyo daftari lile liko mkononi mwangu, na nimefahamu kwa nini sharti la kuaga hutajwa kila safari: si kwa wale wanaolijua, bali kwa yule mmoja anayedhani halimhusu.

ADABU TANO

Kwa hiyo, ewe msomaji unayetaka kuingia kundi la matembezi, shika haya:

1. Waage wazazi wako na uwaambie unakwenda wapi, na nani, na saa ngapi utarudi. Nanyi wazazi, mwulizeni mtoto maswali hayo hata akikunja uso.

2. Fika kwa wakati. Bahari haimngoji aliyechelewa, na kundi likikungoja wewe, linapoteza saa yake ya usalama.

3. Chukua maji ya kunywa, kofia, chakula kidogo na viatu vinavyofungwa mguuni. Kandambili hunasa topeni.

4. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Mwenye nguvu asione haya kwenda pole pole. Ndiyo kazi aliyopewa nguvu.

5. Ukitaka kuondoka, sema, tena mwambie yule mwenye daftari. Kumwambia rafiki yako haitoshi, kwani naye aweza kusahau.

PAHALI PA KWENDA

Pemba yetu haina uhaba wa mahali pa kutembelea. Msitu wa Ngezi uko kaskazini ya kisiwa. Pujini kuna magofu ya ngome ambayo wazee huinasibisha na Mkama Ndume. Kidike kuna popo wakubwa wa Pemba, ambao asili yao ni kisiwa hiki tu. Mabawa yao yakikunjuliwa hufika upana wa mita 1.6 hivi. Popo hao walikuwa wamepungua sana kwa kuwindwa na kukatiwa miti, lakini wanakijiji waliungana kuwalinda, na sasa wameongezeka. Kisiwa cha Misali, kilichowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, kinafikiwa kwa chombo tu, na huko asiende mtu bila ya nahodha anayeijua njia. Kila mahali ulizeni kwanza ruhusa, na kila mahali hesabuni watu.

Mwisho, kwa wale walioniona nikipita na daftari chini ya mwembe na wakacheka: karibuni. Nafasi zipo, na kiingilio ni kile kile. Mkija nitaandika majina yenu, na mkiwa ng'ambo ya kijito nitajua mko wangapi.

MASWALI

1. Ikiwa leo maji yanapwa kabisa saa nne kamili asubuhi, baada ya siku tatu yatapwa kabisa karibu na saa ngapi?

2. Maji yatapanda mita 2.4 kutoka kupwa mpaka kujaa. Kwa kanuni ya mafungu 12, yatapanda sentimita ngapi katika saa ya kwanza? Na katika saa ya tatu?

3. Kwa nini siku ya bamvua ni nzuri kwa matembezi ya pwani, na kwa nini ni ya hatari?

4. Mwandishi alirudi nyumbani salama. Ni nani basi aliyeingia hatarini kwa kosa lake, na ni nani aliyelipa gharama? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.