Petroli na Betri: Hatari ya Moto kwa Mnunuzi wa Chombo cha Usafiri

Msimu wa korosho unapokwisha na malipo kufika, wakazi wengi wa Masasi na Newala hununua pikipiki, bajaji au gari. Siku hizi mnunuzi huweza kuoneshwa pia chombo kinachotumia umeme, na swali lake la kwanza huwa hili: je, betri hailipuki?

Kuwaka huweza, ila si kwa wepesi unaodhaniwa. Idara ya serikali ya Sweden inayoshughulikia maafa ilihesabu moto wa magari wa mwaka 2022. Magari ya umeme, pamoja na yale yanayochanganya umeme na petroli, yaliwaka 3.8 katika kila magari 100,000; kwa magari ya aina zote, 68. Hesabu hizo zisomwe kwa tahadhari, kwa kuwa magari mengi ya umeme bado ni mapya, na gari jipya huwaka mara chache kuliko kuukuu.

Petroli tumeizoea mno, na mazoea hayo ndiyo yanayoponza. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa; hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa au kibatari cha chumba cha pili, kisha moto hurudi mbio ulikotoka mvuke. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Anayeweka madumu ya petroli chini ya kitanda ili auze kwa chupa amelala karibu na hatari iyo hiyo.

Betri ya lithiamu ina tabia nyingine. Seli moja ikiharibika kwa kugongwa, kulowa au kuchajiwa kwa chaja isiyo yake, joto lake huwasha ya jirani, nayo huwasha inayofuata. Moshi wake una sumu. Moto huo hauzimwi kwa kunyimwa hewa. Betri hupozwa kwa maji mengi, maelfu ya lita kwa gari moja, na huweza kuwaka upya baada ya saa au hata siku kadhaa. Mkazi wa Newala, anayejua thamani ya ndoo moja ya maji huko juu, ataona mara moja kwamba kwake kinga ndiyo tegemeo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai chaja ya betri hiyo hiyo, maelezo kwa Kiswahili, dhamana ya maandishi na risiti. Betri isichajiwe chumbani mwa kulala wala mlangoni, njia ya kutokea. Ikivimba au kunuka, itolewe nje ya nyumba na isifunguliwe na fundi asiyeijua.

Petroli ikiwaka, usiimwagie maji, kwani huelea juu yake na kusambaza moto. Tumia mchanga au mtungi wa unga wa kuzimia moto. Betri ikianza kutoa moshi ikiwa kwenye chaji, zima swichi kuu endapo inafikika, toa watu wote nje, simama upande unakotoka upepo, kisha piga 114 na utaje mapema kuwa kinachoungua ni betri.